Konzi

Baba huupiga ukuta konzi kabla hajataja bei.
Konzi tatu, sikio ukutani, macho kayafumba,
kisha humwambia mwenye nyumba pale pale Kibokoni:
"Hapa pameoza. Usinipe rangi nikupakie."
Huyo ndiye aliyenilea. Nami
miaka ishirini na miwili nilikuwa napaka rangi.

Sikio la kushoto lilianza kutoa maji
nikiwa chuoni, bado niko juzuu ya amma.
Shangazi alitia mafuta ya nazi yenye uvuguvugu,
akatia kitunguu thomu,
akatia maziwa ya jirani aliyekuwa akinyonyesha.
Likakauka. Likarudi. Kiangazi likakauka, masika likarudi.
Nikajifunza kukaa upande:
mume kulia, mteja kulia,
kushoto pamba na mtandio, na udi mwingi
ili harufu isinitangulie mlangoni.
(Usaha una aibu kuliko damu.
Damu mtu huionyesha.)

Rajabu pakavimba nyuma ya sikio,
sikio likasukumwa mbele kama la mtu anayedukiza.
Usiku kichwa kilikuwa kinu,
na mtwangaji hachoki.

Makadara, benchi la saruji, foleni nambari arobaini na moja.
Daktari Mbeyu akaiweka picha kwenye taa.
"Mfupa huu," akasema, "umeumbwa mwepesi,
una vijumba vya hewa ndani, kama..." Akatafuta neno.
"Kama mkate wa sinia," nikamwambia.
Akacheka. "Basi mkate wako umelowa."
Kwa ncha ya kalamu akanionyesha ukingo mweupe, mwembamba;
ng'ambo yake ni ubongo.
Kisha uzi ambao mimi sikuuona:
"Huu ndio unaofumba jicho na kukunjua mdomo.
Nitachimba kando yake. Nitauheshimu.
Zaidi ya heshima siwezi kukuahidi."

Baba aliisoma karatasi ya idhini mara mbili,
miwani puani, chokaa kwenye kucha.
Hakuuliza hatari. Aliuliza patasi ni ya namna gani.
"Ni keekee, ncha yake almasi,
na maji hutiririka muda wote."
"Naam, maji," akasema. "Bila maji jiwe huungua."
Akanisukumia kalamu nitie sahihi.

Sista Nadzua akaninyoa, upana wa vidole viwili,
nywele akazikunja ndani ya gazeti, akanipa
kana kwamba ni chenji yangu.
Nikahesabu kutoka kumi kurudi nyuma.
Saba sikuiona.

Saa tatu na nusu zilizofuata si zangu, ni za baba.
Hadi leo anaapa aliisikia keekee kupitia ukuta.
Huenda ni mafundi wa bomba, orofa ya juu.
Anasema hakukaa chini mpaka iliponyamaza.

Neno la kwanza niliporudi lilikuwa "Tabasamu."
"Mwanamize, tabasamu. Onyesha meno.
Fumba macho kwa nguvu. Inua nyusi. Puliza."
Koo limekauka, kichwa kimefungwa kilemba cha bendeji,
nikawachekea watu watano nisiowajua
kama bibi harusi wa kukodi.
Daktari akashusha mabega.

Wiki ya pili ukwaju una ladha ya shilingi.
Nikigeuka ghafla, sakafu nayo hugeuka, ila imechelewa.
Sauti za kushoto zinatoka mtungini.
Bahari nimekatazwa; hata kuoga ni kwa pamba yenye vaselini.
Nilisema nitalia, nikasahau.

Mwezi wa tatu baba akaja mchana, ndoo mkononi,
hakuuliza hali. Alinigeuza shingo kuelekea dirishani,
akapitisha dole gumba kwenye kile kishimo, polepole,
kisha, sikuamini, akakigonga
konzi moja, ndogo, ya ukucha.
Akatega sikio.

"Pakavu," akasema,
akauliza chai iko wapi.