Makapi ya Wawi

Nyuma ya tanuri makonyo yaliyokwisha kupikwa
yamelala chungu nzima.
Mvuke umeyanyonya; daftarini yameandikwa: taka.
Mimi Shaame, mwaka wa kumi na tisa huu,
nayatia motoni kwa sepetu.

Leo Mize Faki kaja na mtungi wa chuma,
kifuniko chake boliti kumi na mbili.
Kajaza makapi, kaisukumia hewa ya ukaa,
kaikaza, kaikaza,
hata ikawa si hewa tena, wala maji haijawa,
kitu cha katikati, kipenyacho
pale mvuke ulipobisha hodi ukarudi.

Mshale wa geji ukapanda. Nikarudi nyuma hatua tatu.
"Huogopi?"
"Naogopa. Ndiyo maana nahesabu."

Akalegeza vali, kidogo, kidogo.
Hewa ikaenda zake bila kuaga;
chini ya kioo yakabaki mafuta,
kijiko na nusu, rangi ya chai kavu.

Nikanusa. Nikamkumbuka mama, Kibokoni,
akipikia makapi haya haya,
na ule moshi, mtamu hata ukitutoa machozi.
Tukisema: harufu tu hiyo.

Sepetu nimeiegemeza ukutani.
Tanuri linaniita.
Sijui nilipe nini.