Swali la Saba

Tulikuwa watano na birika la kahawa chungu
katika ukumbi wa barafu wa Orlyk, Saskatchewan:
watu mia sita na kumi na wawili,
ingawa ubao wa barabarani bado unajisifia mia tisa.
Hakuna mwenye moyo wa kupanda ngazi na brashi.

Mbele yetu kompyuta ya shule,
ndani yake uso wa Nirosha Weerakkody,
mtaalamu wa maabara, Kurunegala.
Kwake saa nane za usiku, nywele zimechanwa,
nyuma yake pazia la maua
na mahali fulani jogoo aliyekosea saa.

Serikali ilituandikia: sasa mnaweza kupendekeza watu.
Neno hilo, kupendekeza,
Bwana Faldt alilitamka kama anayejaribu viatu vya marehemu.

Alama alikuwa nazo.
Umri, alama. Lugha, alama.
Miaka saba ya kuinamia darubini, alama.
Mume fundi wa kuchomelea, alama za ziada.
Hapakuwa na mstari wa kumpimia
mtu aliyeuza pikipiki alipie mtihani wa Kiingereza
mara mbili, maana mara ya kwanza umeme ulikatika.

Mimi nilikuwa nikifikiria damu.
Miaka minne damu yetu ilisafiri kutuzidi:
Jumanne na Ijumaa, ndani ya kasha,
kilomita mia moja na tisini hadi mjini;
na theluji ikifunga barabara
iliharibika, ikamwagwa,
tukachomwa tena.
Ya Wasyl wangu ilimwagwa mara tatu.
Jibu lilifika siku tisa baada ya maziko,
bahasha safi,
jina limeandikwa bila kosa.

Swali la saba lilikuwa langu kulisoma:
*Unakusudia kukaa kwa muda gani?*
Jogoo alijibu kwanza.
Kisha yeye, taratibu,
kama anayekuuliza unaumwa wapi:
"Na ninyi?"

Na sisi.
Faldt ana nyumba Arizona, hukimbilia huko kila Novemba.
Mwalimu Desrosiers ameshaomba uhamisho,
tunajua, tunajifanya hatujui.
Taras wangu yuko Calgary, Larysa yuko Halifax;
niliwafungia mikate, nikawapungia mkono
hadi vumbi la gari likatua,
na hata mmoja wao
sikumuuliza swali la saba.

Nikaikunja karatasi. Nikasema, hilo tuliruke.
Faldt akakohoa. Tukapiga kura, mikono mitano.

Ilichukua miezi kumi na minne tena,
vyeti, mihuri, picha za mapafu,
barua yetu ikirudishwa kwa kukosa tarehe.
Walishuka Januari, yeye, Dinuka na mtoto wa kiume
aliyeshonewa koti la mjini, jembamba, la kuchekesha
mpaka ulipomwona anavyotetemeka.
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi hatukungoja ya tatu:
tulimkabidhi koleo pale pale,
mlango wa nyumba yake ulikuwa umezikwa.

Sijui kama watakaa.
Dinuka amepata kazi, lakini usiku husoma matangazo ya Toronto,
mwanga wa simu naona dirishani nikipita na mbwa.
Mtoto ameanza kusema "samahani" kama sisi,
hata anapokanyagwa.
Dukani bado kuna wanaomwita "yule bibi wa damu"
kwa sababu jina lake hawajajipa taabu kulijifunza.

Jana alinitoa damu.
Aliandika Orysia kwenye kichupa, akauliza, ni *y* au *i*?
Saa mbili baadaye alinipigia mwenyewe:
sukari imepanda kidogo, punguza mikate.
Nilimwambia sina wa kumwokea tena, hula mwenyewe.
Akacheka. Akasema, nioke mmoja nimpelekee.

Kisha, "Rudi baada ya miezi kumi,"
nami nikasikia kalamu yake ikikwaruza
kalenda ya mwaka ujao.