Zamu wa Muhumba

Nalipwa kuogopa wezi.
Kila jioni saa kumi na mbili naingia kazini, Muhumba,
na rungu, na koti la mvua lililochoka mabegani,
na kifuani, chini ya koti, mwizi wangu.

Nilimnunua kwa Nsimire, ukingoni mwa soko la Kadutu,
kati ya katekisimu isiyo na jalada
na kitabu cha ufugaji wa sungura.
"Huyo anaiba," akaniambia, "lakini ana adabu."

Ana adabu kweli. Hufuta miguu kabla hajaingia.
Hufungua kufuli kama mtu anayemwamsha mtoto,
huku akiiomba radhi.
Huchukua mkufu, mkate haugusi.
Na kila mara, maskini, nyuma ya pazia
kuna maiti ambayo hakuiagiza.
Basi hana budi, amtafute muuaji
kabla polisi hawajamtafuta yeye.
Za mwizi ni arobaini, tuliambiwa;
huyu yuko kwenye ya hamsini na tatu
na bado anakula chakula cha jioni na inspekta.

Wezi ninaowajua mimi hawana mzaha.
Waliokuja kwa jirani mwezi wa tatu
waling'oa mlango pamoja na fremu yake,
na asubuhi hakuna aliyetukusanya sebuleni
akatunyooshea kidole mmoja mmoja.
Ukaja mlango mpya, wa chuma. Yakaishia hapo.
Labda ndiyo maana nampenda wa karatasi:
kwake hata maiti hupata jibu lake
kabla chai haijapoa.

Jumanne usiku umeme ulikatika.
Nikawasha tochi ya simu, nikafika ukurasa wa mia na themanini na nane.
Inspekta kaketi. Mjane kaketi. Daktari wa meno anatetemeka.
Mwizi wangu anakohoa kidogo, anasema: "Muuaji ni"
nikafungua,
jalada.

Kurasa sita zimenyofolewa.

Nilishuku watatu.
Nsimire: lakini yeye huuza vitabu kwa unene, angejipunja.
Cito wa kona, anayefungia karanga kwa karatasi yoyote:
nikanunua vifurushi vinne, nikavikunjua, nikala ushahidi.
Hesabu tupu, za darasa la tano.
Mbwa? Mbwa hararui kwa rula.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Nikakumbuka kiti changu. Kila nikizunguka ua, saa saba,
hurudi nikakuta kitabu kimelalia ubavu mwingine,
kinanukia dawa ya kuchua magoti.

Nikainua macho. Ghorofani, mshumaa:
Bibi M'Birindwa, mama wa bosi,
ambaye, kwa mujibu wa nyumba nzima,
hulala tangu saa mbili.

Nikavua viatu.
Miaka kumi na mmoja nalinda mlango ule,
sikuwahi kujua kwamba husikiliza kisu cha kumenyea machungwa.
Nikauomba radhi. Ukanikubalia.
Ngazi ya tatu hulia, kwenye kitabu hulia siku zote;
nikairuka. Ikalia ya nne.

Alikuwa kitini, vikombe viwili mezani, kurasa sita mapajani.
"Umechelewa, Bisimwa. Nakungoja tangu Jumanne."
"Mama, mwanao akijua nimevunja nyumba..."
"Nani kavunja? Umefungua vizuri. Hata paka hakuamka."
Akavaa miwani.
"Kaa. Kwanza niambie, wewe unamshuku nani?"

Nikasema daktari wa meno.

Alicheka hadi mshumaa ukayumba,
kisha akaanza kusoma, chinichini, polepole, kwa uroho,
akirudia sentensi alizozipenda,
na kule nje, kwa saa nzima,
geti halikuwa na mtu.