Peupe

Nilikwenda na ramani ya fundi Chibunu:
sebule, chumba, fremu mbili za mbele,
kwa peni ya bluu, juu ya jalada la daftari la mwanangu,
nyuma yake jedwali la kuzidisha, mara saba.

Dada wa dirisha la pili hakucheka.
Akauliza, kiwanja namba ngapi, kitalu gani?
Nikasema, Goba, ukipita mashine ya kusaga,
ulizia kwa Mama Siwatu, geti la kijivu, mbwa hang'ati.
Hapo ndipo alipocheka.

Akakunjua karatasi pana kama shuka la kitanda,
pembe akazibana kwa stepla, kikombe na kiwiko,
nikauona mtaa wetu
kama mwewe anavyouona akitafuta kifaranga.
Njano ni makazi, akasema. Nyekundu, biashara.
Kijani pasijengwe, maji yana njia yake.
Na hapa peupe ni barabara. Mita kumi na mbili.

Barabara?
Hapo pana jiko langu.
Hapo nimesonga ugali miaka kumi na tisa.
Mchoro haukunijibu. Mchoro hauna moshi.

Nikakitafuta kichochoro chetu,
kile tunachopitisha jeneza kwa ubavu.
Hakimo.
Njia tunayopita haimo, iliyomo hatuipiti.

Halafu, mama, hati yako inasema makazi tu.
Fremu ni biashara. Omba kwanza kubadili matumizi,
bandika tangazo majirani wasome,
leta michoro ya msanifu, ndipo uombe kibali.
Nikahesabu kwa vidole, vikaisha,
nikahamia kwenye fundo la khanga,
nilikofunga pesa ya saruji.

Nilitoka nikiwatukana kimoyomoyo,
dada, kikombe chake na rangi zake zote,
hadi nilipofika penye gofu la Mzee Mlaponi.
Usiku ule gari la zimamoto lilisimama kwenye lami,
likalia, likalia,
mpira wa maji ukaishia dukani kwa Mpemba.
Sisi tulirusha ndoo, na mchanga, na dua.
Mzee alitoka na redio. Redio tu.

Nikampigia Chibunu: njoo na nyundo.
Akaja na pimamaji, akidhani tunaanza msingi.

Jirani akachungulia juu ya ukuta.
Wamekupiga X?
Nimejipiga mwenyewe, nikamjibu,
masizi yamenijaa hadi kwenye kope.

Ukuta wake nao umo kwenye ule weupe.
Aliutazama. Akaingia ndani.
Kwa hiyo mpaka leo tuna nusu barabara.

Namba ya malipo imeingia kwenye simu. Kibali bado.
Napikia uani, chini ya turubai,
mvua ikija nafunika sufuria kwa mgongo.

Jana mwanawe aliegesha bodaboda pale.
Nikamwambia, ondoa.
Akashangaa: kwani hapa si kwenu?
Ulimi ulitaka kusema ndiyo.
Hapana, nikasema. Hapa ni peupe.