Mistari Inayoanza na Reli

Ghorofa ya sita, Ngara, saa tano usiku.
Baridi ya Julai imepenya chini ya mlango
na seva inapumua kama mtu mwenye pumu.
Nimeachiwa faili la Makokha.

Hakuniachia kwa mkono. Mwezi Machi walimpa bahasha
na dakika ishirini za kukusanya vikombe vyake,
kisha meneja akaniambia, "Mwikali, zote mbili utaziweza,"
kana kwamba kazi ni ndoo na mimi nina mikono.

Alfajiri akina mama wa Gikomba watataka kuona salio
kabla hawajatia pesa kwenye belo wasilolijua ndani.
Ushirika wao una tovuti sasa. Tovuti inataka nyumba,
na nyumba inataka mtu wa kusema nani aingie, kwa mlango upi.

Naanza juu. *Sikiliza themanini.*
Neno moja na tarakimu mbili, mashine ikatega sikio.
Jina la seva naliandika lote,
maana usipojitaja utaitwa lolote.

Moduli nilizikuta arobaini na mbili.
Nyingine zimo tu, kama jamaa waliokuja matanga wakabaki.
Ya kufunga siri kwa ufunguo: kaa.
Ya kugeuza anwani ndefu kuwa fupi: kaa.
Ya kumwonyesha mpita njia kila kilichomo kabatini: toka.
Ya kutangaza toleo letu na umri wetu kwa kila abishaye hodi:
nani alikuuliza? Toka.

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili, nikakuta reli.
Unaijua alama hiyo: vyuma viwili vimelala, viwili vimesimama.
Mstari ukianza nayo mashine huuruka.
Umeandikwa kwa ajili ya mtu.

# usipandishe hii kupita mia na hamsini. Nilipandisha. Tulilala gizani siku mbili.
# hapa palinila Krismasi.
# sijui kwa nini inafanya kazi. Iache.
# ukifika hapa, kunywa maji.

Nikanywa maji.

Mji huu nao ulianza na reli.
Waliotandika mataruma hawamo kwenye mabango,
tunawaruka kila asubuhi tukienda kazini,
tunasoma kinachofuata.

Saa nane stima zikapotea. Betri ikalia kama kifaranga,
nikakaa gizani nikihesabu milio
hadi jenereta ya chini ilipokohoa.

Nikajaribu: kosa.
Nikajaribu tena: kosa, mstari wa tisini.
Nilifungua mabano, sikuyafunga,
yamebaki wazi kama swali ninalolizungusha tangu Machi:
je, walikulipa zote?
Namba yake ninayo. Ningemwambia nini?
Kwamba nimekalia kiti chake,
na kwamba kinayumba upande wa kulia, kumbe alijua,
maana alikiwekea kadibodi iliyokunjwa mara nne?

Nafunga mabano. *Sintaksia sawa.*
Nazima. Nawasha. Feni zinapanda sauti,
zinashuka.

Saa kumi na moja na dakika nane, kwenye kumbukumbu,
mgeni wa kwanza: simu ndogo, mtandao dhaifu,
ameomba salio. Jibu: mia mbili,
ambayo kwa lugha ya seva ni salama.
Kisha mwingine. Kisha tisa kwa pamoja,
nikaziona belo zikikatwa kamba huko bondeni
ingawa dirisha langu linatazama ukuta.

Nikalifungua faili tena, chini kabisa,
nikaandika:

# Makokha, imeshika. Nimeweka mia na sitini, nisamehe.
# maji nilikunywa.

Nikawasha upya. Mashine ikairuka yote miwili.

Sasa ni saa moja kasorobo.
Simu iko mkononi. Najiuliza kama ni mapema mno
kumpigia mtu asiyekwenda kazini.