Asali ya Bwela

Alikuja na mzani wa ndoano, mtungi wa gesi ya kukatia,
vijana wawili, na kalamu sikioni.
"Hili bwela peke yake," akasema, akiligonga kwa kiganja
kama mtu anayechagua tikiti maji gulioni,
"ni bati la nyumba tatu."

Bwela likavuma.

Sisi tulijua. Tangu masika ya mwaka juzi
nyuki wamehamia kwenye chumba cha moshi;
waliingia kwa dohani, bila tiketi,
na Ntandu, aliyelisha tanuru hili kuni
miaka kumi na mmoja, Itigi hadi Tabora na kurudi,
alikataa wafukuzwe.
"Abiria ni abiria," alisema. Kisha akaomba tumbaku.

Simwiti shujaa. Ni mgomvi, ana deni dukani kwangu,
na ile spana ya urefu wa mkono, aliyoiiba siku ya kustaafu,
ndiyo iliyolegeza nati za gurudumu la pili.
Mafuta ya mashine hatuna; tunapaka ya alizeti.
Sechelela akitoka kuchomelea mageti ya watu
hukwangua kutu kwa pande la jembe,
nayo humwangukia miguuni, nyekundu juu ya nyekundu,
usijue garimoshi linaishia wapi
na Itigi inaanzia wapi.

Siku ile Ntandu hakubishana.
Alivunja matawi mabichi, akaokota samadi kavu,
akavuta mlango wa tanuru. Ukakataa. Akautukana. Ukafunguka.
Akawasha kiberiti.

Moshi haukusahau njia.
Ulipita bwelani, bomba kwa bomba,
ukatokea juu, mweupe kwanza, halafu mzito,
na mji mzima ukageuza shingo.
Muuza chapati aliacha chapati iungue.
Watoto walikuja mbio: linakwenda wapi? linakwenda wapi?
Bi Mwajuma wa Ghala akafika na kuku mkononi, kichwa chini miguu juu,
akasimama palipokuwa pakipandiwa daraja la tatu
na hakusema kitu.

Nyuki walipopungua, Ntandu aliingiza mkono hadi begani,
akatoa masega yaliyotapakaa masizi
ya safari ambazo hakuna aliyezihesabu.

Mzani ulikuwa bado unaning'inia.
Tukautumia. Kilo kumi na saba na robo.
Mnunuzi mwenyewe aliisoma sindano, akalamba kidole,
akakunja uso: "Ina grisi."
Akalamba tena.
Alichukua kilo mbili, na hatukumpunguzia hata shilingi.

Pesa ile imekuwa rangi ya kuzuia kutu, makopo manne.
Imetufikisha nusu ya ubavu wa kushoto.
Amesema atarudi mwezi ujao, mtungi umejaa.

Jana jioni nilimkuta Ntandu ameinama mbele kabisa,
anakaza nati za chumba cha moshi, zote
isipokuwa moja.