Kenda

Kanda ilikuwa ndani ya friji bovu
dukani kwa Dilmuradi, fundi wa viyoyozi, Suhari,
chini ya spana na risiti za mwaka themanini na moja.
"Chukua," kasema. "Harusi ya kaka yangu hiyo.
Aliyerekodi kafa, aliyeimba kafa,
na friji lenyewe unaliona."

Saa nane mchana, Agosti, lami inanasa viatu.
Nikakaa juu ya kreti la soda,
nikatia kalamu kwenye tundu, nikazungusha.

Kwanza mbuzi. Kisha mtu anakohoa.
Kisha ngoma, na zumari inayochubua hewa,
kisha yeye, Sanguru wa Baraka,
sauti ya kokoto ndani ya sufuria,
hana haraka, kama mdai aliyekaa mlangoni
akijua mwenye nyumba lazima atarudi.

Huku wanaiita lewa. Wanaizunguka maharusini
na kanzu zao zilizopigwa pasi,
na maneno yake wanasema ni "ya zamani",
yaani usiulize.

Mimi mtoto wa Vikokotoni,
Kiswahili changu nilikuja nacho kama sufuria ya mama,
kina masizi, sikitupi.
Nikasikia: *nahodha, hesabu yangu.*
Nikarudisha nyuma. *Hesabu yangu.*
*Umeniandikia mchele, sikuula.*
*Umeniandikia shuka, nimevaa chumvi.*
*Nimezama hata masikio yakatoka damu,*
*nikiibuka, deni limeibuka kabla yangu.*

Miaka arobaini na zaidi
mabwana harusi wanachezewa deni la mzamia lulu!
Nikacheka. Halafu nikaona haya,
nikageuza upande wa pili.

Huko anahesabu misimu.
Moja. Ngoma inamngoja.
Mbili. Tatu. Nne.
Tano, na hapo mwanamke anapiga kigelegele, hana habari.
Sita.
Saba,
na mashine ikaitafuna.

Utepe ulinijaa mikononi, wa kahawia, wa moto,
kama matumbo ya kitu kilichokuwa hai sasa hivi.

"Nane, kenda," akasema mtu nyuma yangu.

Zamzamu, mjukuu wa Sanguru, muuguzi,
kaja kuulizia kiyoyozi chake.
Kiswahili hana, ila "njoo" na "mandazi".
"Tulikuwa tukirukia kamba," kaniambia kwa Kiarabu,
"mojambiri tatune, mpaka kenda. Maana yake nini?"

Kenda!
Sisi wenyewe tumeshaiacha, twasema tisa,
sokoni tisa, shuleni tisa, kwenye simu tisa.
Mara ya mwisho nililisikia kwa bibi
akihesabu nazi, na kila ya kumi akiiweka kando.
Na hili hapa, zima, halina kutu,
mdomoni mwa mtu asiyejua kwamba ni namba.

Nilitaka kumwambia yote: nahodha, mchele, shuka.
Nikajikuta namuuliza mimi:
"Na baada ya kenda?"

"Hamna," kasema, anatafuta risiti mkobani.
"Ukifika kenda unatoka kwenye kamba,
anaingia mwingine."